Nilisema zabibu zinaoza, taarifa ya habari ikasema nimepongeza. Ni nani anayekata maneno yetu?

#1 Mzabibu wa Hombolo

Wakuu, habari za jioni.

Nina ekari mbili na nusu za zabibu Hombolo. Msimu wa Agosti uliopita mnunuzi tuliyekuwa tunamtegemea alisimamisha kupokea mzigo, hakutuambia atafungua lini. Zabibu haina subira. Ikishaiva unahesabu siku. Ukizubaa nyuki wanaingia, jua linamalizia, na harufu inabadilika huku unaangalia. Nilimwaga korongoni zaidi ya tani moja, mimi na wanangu.

Wiki hiyohiyo akaja kiongozi na msafara, waandishi nyuma. Mmoja akaniletea maiki. Nikasema hivi, nakumbuka vizuri: "Tunamshukuru kiongozi kwa kufika, ila zabibu zinaoza, soko hakuna, na bei tuliyoahidiwa siyo tunayolipwa." Niliongea kama dakika mbili, nikampeleka hadi korongoni. Akapiga picha.

Saa mbili usiku tulikaa wote, pamoja na majirani wasio na televisheni. Nikatokea. Nikasikika: "Tunamshukuru kiongozi kwa kufika." Wakakata hapo. Chini waliandika kwamba wakulima wa zabibu wapongeza juhudi za kuboresha soko. Korongo halikuonekana.

Kesho yake wenzangu wa ushirika waliniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Wapo ambao hadi leo salamu yao ni ya nusu mdomo.

Nataka kujua jambo moja. Kati ya maiki ile na kioo cha sebuleni kwangu, nani alikata? Mwenye televisheni? Serikali? Au yule kijana wa kamera ambaye nilimpa hadi maji ya kunywa?

#2 Bajaji ya Area C

Mwenye televisheni, mkuu. Tajiri ana tenda serikalini, ana makontena bandarini, ana mambo yake ya kodi. Korongo lako la zabibu limharibie yote hayo? Uzi ufungwe.

#3 Mama Kande

Usifunge bwana, ndiyo kwanza nimebandika maharage. Pole sana kaka Mzabibu. Kinachoniuma ni hao wenzako. Kumbe habari ya uongo inamtenga mtu na jirani yake.

#4 Korespondenti wa Kati

Mzabibu, mimi ni mwandishi wa hapa Dodoma. Siyo mimi niliyekuja kwako, lakini ningeweza kuwa mimi, kwa hiyo acha nikueleze inavyokwenda.

Sina mshahara. Nalipwa kwa stori iliyotoka. Stori isiyotoka haina hela hata kama nimeihangaikia siku tatu. Ofisi hainipi nauli ya kwenda Hombolo. Kwa hiyo siku kiongozi anapotoka, mtu wa mawasiliano wa ofisi yake anatupigia: gari lipo, chakula kipo. Napanda. Ukishapanda gari la mtu na kula chakula chake, unarudi mjini mikono imefungwa na hakuna aliyekufunga.

Nikifika narusha picha Dar kwa simu, kwa bando langu. Dawati la habari lina stori za mikoa yote na kila moja inapewa dakika moja na nusu. Mhariri anaanza na kiongozi, kwa sababu kiongozi ndiye atakayepiga simu asipojiona. Mkulima anabaki na sekunde sita. Katika sekunde sita linawekwa lile neno ambalo halitamletea mtu matatizo.

Kwa hiyo kijana wa kamera huenda alituma hata korongo lako. Mimi nimewahi kutuma mengi kuliko hilo, hayakutoka.

#5 Mama Kande

Umesema gari na chakula. Bahasha hujaitaja.

#6 Korespondenti wa Kati

Dada, ipo. Tunaiita posho, wengine nauli, wengine mshiko. Nimepokea, sitakudanganya. Nina watoto wawili shule na nyumba ya kupanga Chang'ombe. Stori moja kwangu ni elfu kumi ikitoka. Bahasha ya mkutano mmoja inaweza kuwa stori tano. Siku ya kwanza niliipokea mkono ukitetemeka. Baadaye nikaanza kukereka nikiikosa, na hapo ndipo nilipojiogopa.

#7 Mzee wa Masafa Mafupi

Nawasalimu wote kutoka Mpwapwa. Mimi nimezaliwa na redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, taarifa ya habari ikianza hata watoto walijua kunyamaza. Tuliamini. Gazeti likisema mvua imenyesha Kigoma, imenyesha. Hapakuwa na tajiri nyuma ya habari na mwandishi hakujua bahasha. Haya yote yameletwa na soko huria. Tangu 1993 waliporuhusu redio na televisheni binafsi, habari ikawa bidhaa kama nguo za mnadani.

#8 Kamusi ya Makole

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote naomba nirekebishe mambo mawili.

Matajiri walikuwepo. Gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilikuwa mali ya Lonrho, kampuni ya Waingereza yenye mashamba, migodi na biashara nyingi Afrika. Mwalimu alilitaifisha Februari 1970. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la TANU, ndiyo ikazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa Benjamin Mkapa, ambaye 1995 alikuja kuwa Rais. Kwa hiyo kelele hizi za kampuni kubwa kushika habari Nyerere alizijua mapema, na dawa yake ilikuwa kuiweka kampuni pembeni na kuiweka serikali pale pale ilipokuwa kampuni.

La pili, tuliamini kwa sababu hapakuwa na pa kulinganisha. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti lolote kwa maslahi ya umma. Nani angeandika kwamba Kigoma hakujanyesha?

#9 Mzee wa Masafa Mafupi

Marahaba mwanangu. Ya Lonrho nilisahau, umenikumbusha. Ila na wewe usisahau kwamba Nyerere mwenyewe alishtakiwa 1958 na Mwingereza kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu aliyeonja hiyo ndiye aliyekuja kuiacha ile sheria ya 1976 ipite. Nimelifikiria sana jambo hili uzeeni na bado linanisumbua.

#10 Chimwaga

Wazee wetu mnatufundisha, asanteni. Lakini mnabishana kuhusu maiti. Hapa UDOM kwenye hosteli yetu hakuna anayekaa kusubiri saa mbili usiku. Tunapata mambo TikTok na makundi ya WhatsApp. Vyombo vya Tanzania vyote ni vya CCM, kila mtu anajua, hakuna haja ya uzi.

#11 Binti Kongwa

Mdogo wangu Chimwaga, "vyote" ni neno zito. TBC, Daily News na Habari Leo ni vya serikali. Uhuru ni la CCM. ITV, Radio One na Nipashe ni za IPP, aliyoianzisha marehemu Mengi. Azam ni ya Bakhresa, mfanyabiashara wa unga na boti. Star TV na Radio Free Africa zimejengwa Mwanza na Anthony Diallo, mwanasiasa wa CCM, hapo umepata. Mtanzania na Rai vilikuwa chini ya Rostam Aziz, aliyekuwa mbunge wa Igunga. Mwananchi kwa miaka mingi limekuwa chini ya Nation Media Group ya Kenya, na mwanahisa wake mkuu kwa muda mrefu akawa mfuko wa Aga Khan.

Siwatetei. Nasema wana maslahi tofauti, na ukiwaweka kapu moja hutaona nani anaficha nini na kwa sababu gani. Na hata kuwa mali ya chama hakukinusuru chombo: Agosti 2021 gazeti la kwanza kufungiwa chini ya Rais Samia lilikuwa Uhuru lenyewe, siku 14, kwa kuandika kwamba hana mpango wa kugombea 2025.

#12 Bajaji ya Area C

Kumbe nilikuwa sahihi, matajiri na wanasiasa. Nilisema uzi ufungwe.

#13 Karani Mtumba

Mimi nafanya kazi serikalini, nanyi mnaweza kunirarua. Ila niseme la upande wangu. Mwaka juzi ofisi yetu ilitoa waraka wa kawaida kuhusu uhakiki wa taarifa za watumishi. Chombo kimoja cha mtandaoni kikaandika kwamba maelfu wanafukuzwa kazi. Kesho yake asubuhi getini pamejaa. Walimu wametoka Bahi na Kondoa kwa nauli zao, mama mmoja analia. Tulipowapigia wenye habari wakatuambia kichwa kile kimewaletea watazamaji wengi na hawakifuti.

Kwa hiyo siyo siku zote serikali inakata. Kuna biashara ya kubofya. Kichwa kikubwa, habari hakuna, picha ya mtu aliyeshika kichwa. Watu wakishachomwa mara tatu na vichwa vya namna hiyo, hata gazeti la kweli hawaliamini tena.

#14 Kamusi ya Makole

Karani, hilo nakubali kabisa. Lakini jiulize kwa nini ule uongo uliaminika haraka namna ile. Watumishi wa Bahi wangekuwa na gazeti wanaloliamini wangelisoma kwanza kabla ya kupanda basi.

#15 Meza ya Magazeti

Naomba niingie, mimi ndiye ninayeyauza. Nina meza karibu na Nyerere Square tangu 2004.

Siku aliyojiuzulu Waziri Mkuu Lowassa, Februari 7, 2008, hapa hapa Dodoma bungeni, mji mzima ulikuwa kwenye redio. Kesho yake gari la magazeti lilikuta watu wameshapanga foleni, na nilimaliza mzigo kabla ya saa tatu. Mwalimu mmoja aliniomba nakala yangu mwenyewe kwa bei mara mbili.

Leo napokea nakala chache sana na jioni narudisha nyingine. Watu wanakuja, wanasimama, wanasoma vichwa vya mbele, wanabishana nusu saa mbele ya meza yangu, wanaondoka. Wengine wanasema redio imeshawasomea magazeti yote asubuhi. Wanasema pia, "Hayo si matangazo tu ya serikali?" Nikifungua ndani naona wana haki: kurasa na kurasa za zabuni na pongezi za taasisi kwa kiongozi.

Lakini nawauliza na ninyi. Gazeti ni buku. Wewe hununui, tajiri hatumi tangazo kama gazeti ni kali, nani ambaye amebaki wa kumlipa Korespondenti? Amebaki yule yule mwenye zabuni. Mimi naona tumeliacha gazeti kwanza, ndipo likaenda kwake.

#16 Mama Kande

Hapana baba. Mimi nilikuwa nanunua kila Jumapili. Niliacha niliposoma habari ya mtaa wangu mwenyewe imeandikwa kinyume. Hela yangu ya kununulia sukari siwezi kuitoa kwa kudanganywa. Walianza wao.

#17 Meza ya Magazeti

Mama, sibishani na wewe. Nimeandika ninachokiona kutoka upande wangu wa meza.

#18 Mrangi Ughaibuni

Salaam kutoka Marekani. Mimi ni wa Kondoa, niko huku mwaka wa kumi na moja. Msidhani jambo hili ni la Dodoma peke yake. Gallup wamewauliza Wamarekani mwaka 2025 kama wanaviamini vyombo vyao vya habari, wenye imani wamefika asilimia 28. Miaka ya 1970 walikuwa karibu 70.

Na huku hakuna waziri wa kufungia gazeti. Kuna mabilionea. Washington Post lilinunuliwa 2013 na Jeff Bezos wa Amazon kwa dola milioni 250. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Rais, likaacha kutaja mgombea linayemuunga mkono ingawa wahariri walikuwa wameshaandaa. Wasomaji zaidi ya laki mbili wakafuta usajili wao. Upande wa pili, Fox News walikubali kulipa dola milioni 787.5 mwaka 2023 kwa kampuni ya Dominion ya mashine za kupigia kura, baada ya jumbe za ndani kuonyesha kwamba watangazaji wenyewe hawakuuamini uongo waliokuwa wanaurusha kuhusu uchaguzi wa 2020. Waliogopa watazamaji wao watahama.

Hilo ndilo lililonitisha. Pale hakukatwa mtu na serikali. Walikatwa na watazamaji waliotaka kusikia wanachokitaka.

#19 Bajaji ya Area C

Mrangi, ukimaliza ya Bezos urudi Kondoa, wazee wanakuulizia. Mimi nasikiliza BBC na Ujerumani. Wale hawana tajiri wala CCM.

#20 Kamusi ya Makole

Bajaji, nao wana mwenyewe. BBC ya Kiswahili ilianza 1957 tukiwa chini ya Mwingereza, Ujerumani 1963 katikati ya vita baridi. Kila moja ilikuja na sababu ya nchi yake. Sauti ya Amerika nayo, Trump alipoamua Machi 2025 kuibana, matangazo yakanyamaza. Tajiri wao ni bunge la kwao.

Na BBC yenyewe imekosea. Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu kwa ajili ya kipindi kilichounganisha vipande viwili vya hotuba ya Trump vikaonekana kama sentensi moja.

Sasa linganisha na Mzabibu. Yeye alikatwa, Trump aliunganishwa, kazi ni ile ile ya mkasi. Kule wakubwa wawili waliondoka. Huku hata anayejua jina la aliyeshika mkasi hayupo. Trump alikuwa na mawakili. Mzabibu ana uzi huu tu.

#21 Mzabibu wa Hombolo

Nimesoma hiyo mara mbili. Asante Kamusi.

#22 Binti Kongwa

Nimesubiri mtu aitaje hofu, naona mnazunguka. Mimi ni mwanasheria, nimekaa na waandishi mahabusu.

Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 kule Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mbele ya kamera za wenzake. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15. Azory Gwanda aliyekuwa anaiandikia Mwananchi kutoka Kibiti aliondoka nyumbani Novemba 2017, mkewe bado anamngoja. Mwaka huo huo wa 2017 yalifungiwa Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima kwa mfululizo. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi zikasimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuwa na kifungu kilichompa mkurugenzi wa Maelezo, yaani Idara ya Habari ya serikali, kazi ya kuratibu matangazo ya serikali kwa vyombo vyote. Yaani mtu mmoja anashika leseni na anashika mfuko. Kifungu hicho kilifutwa 2023, na nawapongeza waliokipigania. Ila mazoea hayafutwi na Bunge. Mhariri aliyekaa miaka saba akijiuliza kila jioni kama kesho atakuwa na gazeti, huyo hahitaji kupigiwa simu tena. Amejifunza kukata mwenyewe.

Mzabibu, ndiyo maana pengine hutampata mkataji. Huenda alikata akidhani anaokoa ajira za watu sitini.

#23 Korespondenti wa Kati

Hii ya Binti Kongwa nilishindwa kuiandika mwenyewe. Nashukuru.

#24 Karani Mtumba

Dada, ukitaja ya kufungiwa taja na ya kufunguliwa. Februari 2022 Nape Nnauye, waziri wa habari wakati huo, aliyarudishia leseni Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima.

#25 Binti Kongwa

Kweli kabisa, na iandikwe. Nape huyo huyo Januari 2016 ndiye aliyetangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Na Machi 2017 akapoteza uwaziri baada ya kusimama na kituo cha Clouds kilipoingiliwa na mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam akiwa na askari wenye silaha. Mtu mmoja, matukio matatu. Ukitegemea moyo wa waziri, habari yako itakuwa hai au itakufa kufuatana na siku aliyoamka nayo.

#26 Chimwaga

Hiyo ya Bunge 2016 nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. Babu yangu Chamwino alikuwa anafuatilia kila kikao, anawajua wabunge kwa sauti. Walipoacha kurusha alisema tu, "Wamefunga dirisha." Tulikuwa tunaishi kilomita chache kutoka ukumbi wa Bunge na hatukusikia kilichosemwa ndani mpaka kipite kwanza kwa mtu wa kukichuja.

Nakubali nilikosea kusema vyote ni vya CCM. Ila hamjanijibu: kwa nini niache TikTok?

#27 Mama Kande

Nikujibu mimi, mwanangu. Unakumbuka Oktoba 29, 2025 intaneti ilipozimwa? Mimi genge langu liko karibu na Jamatini. Kwa siku zile hapakuwa na TikTok wala WhatsApp. Kwenye televisheni niliyokuwa nayo nikaona vituo vya kura vimetulia na nyimbo. Nina mdogo wangu yuko Dar, simpati. Nikajua kinachoonyeshwa siyo kinachotokea, lakini kinachotokea sikukijua.

Pale gengeni kila aliyekuja kula alikuja na lake. Mmoja anasema hivi, mwingine anaapa vile. Nilikuwa napika huku mikono haina nguvu. Mtu ninayemheshimu aliniletea habari ya mtaa fulani ambayo baadaye nilijua haikutokea kabisa, na mimi nilishaipeleka kwa watu wanane. Wanane, nimewahesabu. Nimewarudia mmoja mmoja kuwaambia haikuwa kweli, wawili wamekataa kuamini kwamba haikuwa kweli.

TikTok inazimwa na mtu mwenye swichi. Siku hiyo ndiyo nilitamani ningekuwa na gazeti moja tu la kuliamini. Moja.

#28 Chimwaga

Sina la kujibu mama. Pole. Mdogo wako ni mzima?

#29 Mama Kande

Ni mzima, Mungu ni mwema.

#30 Mzee wa Masafa Mafupi

Mama Kande amenikumbusha jambo. Msione kutoamini ni ushujaa wakati wote. Nilifuatilia pale Arusha kesi ya RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama iliwatia hatiani Desemba 2003 Nahimana na Barayagwiza wa redio ile na Ngeze wa gazeti la Kangura. Ilikuwa redio binafsi, ya wafanyabiashara na wanasiasa wakubwa, iliyojifanya sauti ya watu wa kawaida: vichekesho, muziki mzuri, simu za wasikilizaji. Watu walichoshwa na redio ya serikali iliyopooza, wakaipenda hii iliyochangamka. Ninyi vijana mkichoka na TBC mtakwenda wapi, hilo ndilo ninaloliwaza.

#31 Bajaji ya Area C

Mzee umetunyamazisha.

Ila nirudi kwa mleta uzi. Tumepata wakataji wangapi sasa? Tajiri, serikali, bahasha, msomaji asiyenunua, kubofya, hofu. Mimi bado nasema tajiri.

#32 Meza ya Magazeti

Bado nasema msomaji.

#33 Binti Kongwa

Hofu. Nauli ya msafara Korespondenti angeikataa kama angejua akiandika ya korongo atalala nyumbani kwake.

#34 Korespondenti wa Kati

Binti Kongwa, mimi niliyemo ndani nakwambia hofu ni ya siku chache kwa mwaka. Njaa ni ya kila siku. Zabibu za Hombolo siyo habari ya kumpeleka mtu mahabusu. Haikutoka kwa sababu hakuna aliyeilipia kutoka.

Mzabibu, mwaka huu nyinyi mnavuna tena lini?

#35 Mzabibu wa Hombolo

Za kwanza zinaanza Februari. Mnunuzi hajasema neno hadi sasa. Wenzangu wameanza kuogopa kupalilia.

#36 Korespondenti wa Kati

Nitakuja kabla hazijaiva. Nataka kukaa siku nzima, nione mizani, nione risiti za msimu uliopita kama mmezitunza, niongee na wale wanaokusalimia nusu mdomo. Baadaye nitampigia na mnunuzi, naye ana haki ya kusikika. Ofisi wakikataa nitaiweka kwenye ukurasa wangu.

#37 Mzabibu wa Hombolo

Risiti ninazo zote, mke wangu anazitunza kwenye mkebe wa biskuti. Njoo. Nitakufuata mjini na pikipiki yangu, na chakula kitakuwepo.

#38 Kamusi ya Makole

Ngojeni kidogo. Akipanda pikipiki yako na kula chakula chako, tofauti na msafara ni ipi?

#39 Mzabibu wa Hombolo

Duh.

Lakini mgeni hawezi kuja kwangu akashinda njaa, Kamusi. Hilo kwa Mgogo haliwezekani.

#40 Mama Kande

Apite kwangu Jamatini asubuhi, namfungia maandazi na chai kwenye chupa. Analipa kama wateja wengine. Punguzo hapewi.

#41 Korespondenti wa Kati

Kamusi yuko sahihi. Nitapanda daladala. Mzabibu, niambie tu linaniacha wapi.

#42 Mzabibu wa Hombolo

Mwambie kondakta akushushe njia ya bwawani. Kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Korongo utalipita kabla ya kufika nyumbani, mkono wa kushoto. Maganda bado yapo.